Habari za Karafuu na Vijidudu Visivyotaka Hewa

Katika nyumba nyingi za pwani, na za bara pia, mtu akishikwa na maumivu ya jino usiku hutafuta kwanza punje ya karafuu. Huitafuna polepole upande wa jino lile, au huchovya pamba katika mafuta ya karafuu na kuiweka penye tundu; kitambo kidogo maumivu hutulia, naye hupata usingizi. Dawa hii si uongo, wala hatuandiki ili kuwacheka wazee waliotufundisha. Lakini siku hizi limeenea neno jingine, ya kuwa wataalamu wameyapima mafuta haya na kuyaona yaua vijidudu vya kinywani, hata vile viishivyo pasipo hewa. Basi, husema watu, mwenye karafuu ana haja gani na daktari? Neno la kwanza ni kweli. La pili halitokani na la kwanza, na mtu ayachanganyaye mawili hayo aweza kulipa kwa uhai wake. Kwa hiyo tumeona vema kueleza historia ya jambo hili tangu mwanzo, maana ajuaye jinsi dawa ilivyopimwa, huyo ndiye ajuaye pia mpaka wa nguvu zake.

Mkarafuu si mti wa asili ya Afrika. Kwao ni visiwa vya Maluku, mbali huko mashariki, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Toka huko wafanya biashara waliichukua karafuu hata nchi za mbali sana. Katika Uchina, zama za wafalme wa Han, yapata miaka 2000 iliyopita, wakuu waliokwenda kusema mbele ya mfalme walitiwa karafuu kinywani ili pumzi yao isimchukize. Hawakujua kwa nini kinywa hunuka. Leo twajua ya kuwa harufu ile, kwa sehemu kubwa, hutoka kwa vijidudu vikaavyo nyuma ya ulimi na chini ya ufizi, mahali pasipofikiwa na hewa, ambavyo huozesha mabaki ya chakula na kutoa gesi zenye kiberiti. Basi watu wale walikuwa wakipigana na adui wasiyemwona, na silaha waliyoichagua haikuwa mbaya.

Katika karne ya 17 Waholanzi waliishika biashara ya karafuu, wakaikata mikarafuu ya visiwa vingine ili zao hili listawi Ambon na visiwa vya karibu tu, na bei ibaki mikononi mwao. Lakini mti hauna mlinzi wa milele. Mwaka 1770 miche ya mikarafuu ilifikishwa Mauritius, kisiwa kilichokuwa cha Wafaransa wakati ule, kwa juhudi za Pierre Poivre aliyekuwa mmoja wa wakuu wake. Mwanzoni mwa karne ya 19 mbegu zikavuka toka visiwa vya Wafaransa hata Unguja, na Sayyid Said bin Sultan akahimiza mashamba yapandwe Unguja na Pemba. Kazi ya mashamba yale ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara, na haki ya kumiliki mtumwa haikuondolewa kisheria katika visiwa hivyo mpaka mwaka 1897. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na baada ya hapo Pemba ikawa mbele. Twayakumbusha haya ili msomaji ajue ya kuwa punje ndogo ile ya kutuliza jino imepita mikono mingi, na si yote iliyokuwa mikono ya watu huru.

Sasa tuyatazame mafuta yenyewe. Mafuta ya karafuu si kama ya nazi au ya ufuta, ambayo hukamuliwa nayo huacha doa katika karatasi. Haya ni mepesi, huruka hewani, ndiyo maana twayanusa kabla hatujayaona. Hupatikana kwa kukenekwa: mvuke wa maji ya moto hupita katika karafuu, au makonyo yake, au majani, ukichukua mafuta, kisha mvuke hupozwa, maji na mafuta hutengana. Huko Wawi, kisiwani Pemba, kimejengwa kiwanda cha kukeneka mafuta ya makonyo. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kitu kimoja kiitwacho yujenoli, na hiki ndicho kifanyacho kazi: huifisha ganzi mishipa ya jino, na pia huua vijidudu. Zaatari nayo ina kitu chake kiitwacho timoli, ambacho ni cha jamaa moja na yujenoli.

Je, vijidudu vyenyewe vilijulikanaje? Habari hii yaanza katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi, kwa mfanya biashara wa vitambaa aliyeitwa Antoni van Leeuwenhoek. Mtu huyu hakusoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lakini alijua kusugua vioo vidogo vya kukuzia kuliko mtu mwingine ye yote wa siku zake. Mwaka 1676 alitaka kujua kwa nini pilipili manga huwasha. Akailoweka majini, akaiacha majuma kama matatu, kisha akatazama. Hakuiona sababu ya ukali wake, bali aliona ndani ya maji yale viumbe vidogo visivyohesabika, vikiogelea huko na huko. Na hapa lipo fundisho la kwanza: kitu kuwa kikali ulimini si dalili ya kuwa kila kijidudu kitakufa ndani yake.

Mwaka 1683 aliandika barua nyingine kwa wataalamu wa London. Alisema ya kuwa desturi yake ni kusugua meno kwa chumvi, kuyachokoa kwa kijiti, na kuyapangusa kwa kitambaa. Hata hivyo ulibaki katikati ya meno ukoga mweupe kama unga uliokorogwa. Akautwaa kidogo, akauchanganya na maji safi ya mvua, akatazama: mlikuwa na viumbe hai vingi, vingine vikienda mbio kama samaki, vingine vikizunguka kama pia. Kisha akafanya jaribio ambalo twaona lafaa kukumbukwa kuliko yote. Aliutia siki ukoga ule uliochanganywa, na viumbe vikafa papo hapo. Lakini aliposukutua kinywa chake kwa siki, kisha akautoa ukoga na kuutazama, aliviona vingali hai. Akaamua ya kuwa siki iliua vile vya juu tu, wala haikupenya ndani ya ukoga. Msomaji na aliweke neno hili moyoni, maana kila kitu tutakachokisema baadaye kimefungwa humo: dawa iuayo katika kikombe haikosi kushindwa kinywani, ikiwa haifiki aliko adui.

Leeuwenhoek aliviona vijidudu, lakini jambo la kuwa vingine huishi bila hewa halikuthibitishwa kwa karibu miaka 180. Watu wengi waliamini ya kuwa pasipo hewa hapana uhai. Mwaka 1861 Louis Pasteur, Mfaransa, alikuwa akichunguza maji yaliyochacha na kutoa harufu ya siagi iliyoharibika. Akaweka tone moja chini ya hadubini, akaona jambo la ajabu: vijidudu vilivyokuwa katikati ya tone vilikwenda kwa nguvu, na vile vya pembeni, vilivyogusana na hewa, vilikuwa vimesimama bila nguvu. Akapitisha hewa katika chombo kizima, na kule kuchacha kukapungua hata kukaisha. Basi akatambua ya kuwa hewa itupayo sisi uhai ilikuwa sumu kwao. Kwa lugha ya wataalamu hivi huitwa bakteria wa anaerobi, yaani waishio pasipo hewa. Na kitu wakichukiacho katika hewa ni oksijeni.

Mtu aweza kuuliza, vijidudu vya namna hiyo vitaishije kinywani, ambamo hewa huingia na kutoka mchana na usiku? Jibu ni kwamba kinywa si chumba kimoja, bali ni nyumba yenye vyumba vingi vya siri. Ukoga ukijengeka tabaka juu ya tabaka, vijidudu vya juu huitumia oksijeni yote, na vya chini hukaa gizani bila kuguswa. Kati ya jino na ufizi mna kifuko chembamba; ufizi ukiugua, kifuko hicho huzidi kina, nacho ni makao mazuri kwa maadui hawa. Mwaka 1890 Mmarekani mmoja aliyefanya kazi Berlin, Willoughby Miller, alitoa kitabu cha habari za vijidudu vya kinywani, akaeleza jinsi vinavyogeuza sukari na unga kuwa asidi ilayo jino. Lakini vile visivyotaka hewa vilikuwa vigumu kufugwa, kwa kuwa hufa mtaalamu anapofungua chombo kuvitazama. Ilikuwa katika karne ya 20 ndipo zilipopatikana njia nzuri za kuvifuga mahali pasipo oksijeni kabisa, na hapo ikajulikana jinsi vilivyo vingi. Leo aina zaidi ya 700 za bakteria zimekwisha kutambuliwa katika vinywa vya watu.

Wakati huo huo wengine walikuwa wakiyapima mafuta ya mimea. Mwaka 1887 Charles Chamberland, aliyekuwa msaidizi wa Pasteur, alichapisha majaribio yake juu ya mafuta mengi yenye harufu, akiyapima kwa vijidudu vya kimeta. Huko Marekani, katika mji wa St. Louis, ilikuwa imetengenezwa mwaka 1879 dawa ya kuulia vijidudu iliyoitwa Listerine. Baadaye ikawa ya kusukutulia, na ndani yake mna timoli, menthol, kitu kitokacho katika mkaratusi, na kingine kifananacho na mafuta ya wintergreen. Na tangu miaka ya 1870 madaktari wa meno walikuwa wamejua kuchanganya mafuta ya karafuu na unga mweupe wa zinki, ukawa kama udongo laini ambao huganda. Huuweka katika tundu la jino kwa muda, nao hutuliza maumivu mpaka kazi yenyewe ya kuziba ifanyike. Udongo huo watumika hata leo. Hivyo yule aliyedhani ya kuwa karafuu ni dawa ya kijijini tu, ajue ya kuwa harufu aisikiayo katika chumba cha daktari wa meno mara nyingi ni harufu ya karafuu.

Tangu hapo vipimo vimefanywa vingi. Wataalamu huvipanda vijidudu katika sahani, huvifungia mahali pasipo oksijeni, kisha huvitia mafuta kwa vipimo mbalimbali, kidogo na kikubwa, wakitazama ni kipimo gani kinachovizuia kukua, na kipi kinachoviua. Mafuta ya karafuu, ya mdalasini na ya zaatari yameonekana kuwa na nguvu, hata juu ya baadhi ya vijidudu viletavyo ugonjwa wa ufizi. Sababu yake ni hii: kila kijidudu kimevikwa ngozi nyembamba yenye asili ya mafuta, na yujenoli au timoli hupenya katika ngozi hiyo na kuitoboa, hata vitu vya ndani vikavuja kama maji katika mtungi wenye ufa. Kazi hiyo haitegemei hewa kuwapo wala kukosekana.

Lakini sahani si kinywa. Katika sahani mafuta hukaa saa nyingi. Kinywani mate huyachukua kwa dakika chache. Katika sahani vijidudu mara nyingi huwa vimetawanyika. Kinywani vimejificha ndani ya ukoga, kama Leeuwenhoek alivyoona kwa siki yake. Tena kipimo kikizidishwa ili kipenye, mafuta yale yale huunguza ufizi, na mtoto mdogo akimeza kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta ya karafuu aweza kuharibika ini na kuwa katika hatari ya kufa. Majaribio juu ya watu yameonyesha ya kuwa kusukutua kwa dawa zenye mafuta haya hupunguza ukoga na uvimbe wa ufizi, lakini ni pamoja na kupiga mswaki, si mahali pake.

Katika jambo hili mswaki wa mti watufundisha vizuri. Mti wenyewe, ambao wataalamu huuita Salvadora persica, wajulikana pwani yetu, Arabuni na nchi nyingi kavu za Afrika. Mwaka 2011 wataalamu wa Uswidi walichapisha habari ya mafuta ya mzizi wake: waliona ya kuwa yana kitu kikali chenye kuua upesi baadhi ya vijidudu, na kimoja cha hivyo ni kijidudu kisichotaka hewa kiletacho ugonjwa wa ufizi. Lakini tazameni jinsi mswaki ufanyavyo kazi. Kwanza nyuzi zake hukwangua ukoga na kuufumua. Kisha utomvu wake hugusa palipofumuliwa. Kukwangua hutangulia, dawa hufuata. Mwenye kutia mafuta juu ya ukoga ambao haukuondolewa ni kama mkulima amwagaye maji juu ya jiwe, akidhani yatafika penye mbegu.

Na ikiwa adui amekwisha kuingia ndani zaidi, katika mzizi wa jino au katika mfupa wa taya, hata mswaki haumfikii. Huko yatakiwa dawa ipitayo katika damu, au mkono wa daktari wa kutoa usaha na kung'oa jino. Dawa moja kubwa ya namna hiyo ilijulikana kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 1962 daktari wa meno wa Uingereza, D. L. S. Shinn, alieleza habari ya mwanamke aliyekuwa akinywa metronidazoli kwa ugonjwa mwingine kabisa, na vidonda vya ufizi wake vikapona pia. Baadaye ikatambulikana sababu: dawa ile ikiingia katika kijidudu kisichotumia oksijeni, hugeuzwa humo humo kuwa sumu. Yaani ile desturi ya kuishi bila hewa, iliyokuwa ngome ya adui, ikawa mlango wa kumwangamiza. Mafuta ya karafuu hayana njia hiyo; hayo hukaa yanapopakwa.

Liko jambo moja zito zaidi, na kwa ajili yake hasa tumeshika kalamu. Mmoja wa jamaa za vijidudu hivi visivyotaka hewa ni kile cha pepopunda. Mwaka 1884 Arthur Nicolaier, Mjerumani, alionyesha ya kuwa asili yake iko udongoni. Mwaka 1889 Mjapani Kitasato Shibasaburo, akifanya kazi Berlin, alikipata peke yake: aliupasha moto mchanganyiko wa vijidudu hata vingine vyote vikafa, kisha akakifuga hicho katika gesi ya haidrojeni. Kwa nini hakikufa kwa moto? Kwa sababu hujifunga katika ganda gumu kama mbegu, na katika ganda hilo hustahimili joto, ukavu na miaka mingi. Mwiba au msumari ukimchoma mtu, mbegu hizo huingia ndani, ngozi hujifunga juu yake, hewa haifiki, nazo huamka. Sumu yake hupita katika mishipa ya fahamu, taya hukaza, mwili hupindika.

Je, mafuta ya karafuu, au ya mti wo wote, yatazuia haya? La. Ganda lile halitobolewi na mafuta kwa kipimo ambacho mwili wa mtu utastahimili. Tundu la mwiba ni refu, na mafuta hubaki mlangoni. Na sumu ikiisha kushika mishipa, kuua vijidudu hakuirudishi. Mwaka 1890 Kitasato na Emil von Behring walionyesha ya kuwa damu ya mnyama aliyezoezwa sumu ile ina kitu cha kuibatilisha, na katika miaka ya 1920 Gaston Ramon, Mfaransa, aliifanya sumu yenyewe kuwa chanjo isiyodhuru. Hiyo ndiyo ngao, wala hakuna nyingine iliyopata kulingana nayo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 1988 watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda, wengi kwa sababu kitovu kilikatwa kwa kitu kichafu au kilipakwa samadi, majivu au udongo. Mwaka 2018 walikadiriwa kuwa 25,000. Tofauti ya hesabu hizo mbili haikuletwa na mafuta wala mizizi, bali na chanjo waliyopewa akina mama na usafi wa mikono iliyowazalisha.

Basi wasomaji wetu, hatusemi karafuu itupwe. Na itumike kwa kazi yake: kutuliza jino mpaka asubuhi, kwa tone moja katika pamba, si kwa kijiko, na chupa yake iwekwe mbali na watoto. Meno na yasuguliwe kila siku, kwa mswaki wa mti au wa dukani, kabla ya dawa yo yote ya kusukutua. Lakini mtu akiona shavu limevimba, au homa, au kinywa kikataa kufunguka, asikae nyumbani akitafuna karafuu; aende hospitali siku ile ile. Aliyechomwa na kitu chenye udongo aoshe jeraha kwa maji mengi safi na sabuni, kisha aende akaulizwe habari ya chanjo yake. Na kitovu cha mtoto kisipakwe kitu cho chote ambacho mkunga aliyefundishwa hakukiagiza, hata kiwe na harufu nzuri namna gani.

Mfanya biashara yule wa Delft hakuwa daktari, lakini hakuridhika kuona viumbe vimekufa katika kikombe. Alirudi akatazama na kinywani mwake mwenyewe, akakubali alichokiona. Nasi tukiletewa habari ya dawa mpya au ya kale, na tuulize maswali mawili: yaua nini, na je, yafika aliko?